Sura ya Tano: Tope Juu ya Chokaa

"Mfungue pingu," Sajenti Isakwisa alimwambia konstebo wake. "Mtu hawezi kunifundisha mashine akiwa amefungwa mikono."

Konstebo alisita. Marselino mwenyewe hakusita hata kidogo. Alinyoosha mikono mbele kama mtu anayepimwa shati kwa fundi, akafunguliwa, akajikuna shingo kwa raha. Alikuwa amelala mahabusu Sumbawanga usiku mmoja tu, lakini alitoka na hotuba.

"Hapo umefanya jambo la maana, afande. Mkoa mzima huu, toka Kasesya mpaka Namanyere, anayeijua mashine hii ni mimi peke yangu."

"Ndiyo maana umekamatwa," alisema Isakwisa. "Kaa."

Walikuwa ndani ya kibanda cha kikundi cha mawe, katika kijiji cha ujamaa cha Kalundi, mbele kidogo ya Pito. Kibanda kilikuwa cha tofali za kuchoma, chumba kimoja, kuta zimepakwa chokaa mpya ya Saba Saba. Katikati ilisimama mashine ya kusugulia mawe juu ya meza yake nzito. Kikundi kiliinunua kuukuu kwa sonara mmoja wa Mbeya aliyekuwa akifunga duka. Juu ilikuwa na sahani ya chuma iliyolala kama sahani ya santuri, na ubavuni gurudumu kubwa lenye mpini wa kuzungushia kwa mkono. Kando ya mlango lilikuwapo sanduku la mbao, na ndani ya sanduku kopo la maziwa. Kopo lilikuwa tupu.

Humo ndimo lilimokuwa likikaa jiwe la kijani, lililoibuliwa na plau katika shamba la kijiji msimu wa kulima. Bwana madini aliyepita mwezi wa nne alilitazama kwenye jua, akasema likisuguliwa vizuri litawanunulia mashine ya kusaga. Tangu siku hiyo wanawake wa Kalundi, waliozoea kubeba mahindi na ulezi kichwani mpaka mjini, walianza kulitaja jiwe lile katika sala zao. Jumatatu asubuhi mwenyekiti wa kikundi, Ndugu Evaristi, alifika kituoni akihema: jiwe limeibwa. Mwenye ufunguo alikuwa Marselino, mjuzi wa mashine alikuwa Marselino, na Marselino alikuwa ameondoka tangu Ijumaa kwenda Kasesya, mpakani. Jioni ya Jumatatu hiyohiyo alishuka kwenye lori na kukamatwa. Mfukoni alikuwa na kifurushi alichopewa na dereva wa Zambia, na mwilini shati jipya. Isitoshe, kilabuni aliwahi kutamka mbele ya watu kwamba jiwe lile lingemtoa kwenye baiskeli na kumpandisha kwenye gari.

Alhamisi angepanda kizimbani, na kijiji kizima kilitaka afungwe.

Kesi ilikuja imepikwa, imepakuliwa, na kijiko juu yake. Isakwisa, mtu wa Tukuyu aliyelelewa na bibi mkali, alikuwa na tabia ya kunusa kwanza chakula asichokiona kikipikwa.

"Naona tunapoteza wakati, afande," alisema Evaristi kutoka mlangoni. Alikuwa mtu mpana wa mabega, amevaa koti refu la sufi, mikono mifukoni. Upepo wa Julai wa Ufipa ulikuwa unapuliza na kila mtu kijijini alijikunyata. "Mwizi unaye. Jiwe liko Zambia. Mashine ina kosa gani?"

"Sijui bado. Ndiyo maana naiuliza." Isakwisa aligeuka. "Ufunguo wa kibanda uko mmoja?"

"Mmoja. Nilishaandikisha kituoni. Anao Marselino."

"Na Jumatatu mliingiaje?"

"Tulivunja kufuli."

"Vizuri. Marselino, nianzishie darasa. Tuseme nimenunua mashine kuukuu kama hii leo asubuhi. Naanzia wapi?"

Marselino alivuta pumzi ndefu. Hakuna kilichomfurahisha duniani kama kuulizwa.

"Kwanza, usiwashe tamaa. Watu wakinunua mashine wanataka kuona kito kinang'aa siku hiyohiyo. Wewe shika sahani hii, izungushe kwa kidole. Sikiliza. Ikikwaruza, beringi imekufa. Hii haikwaruzi, nilimbana sonara nikaikagua mbele yake. Pili, itazame ukiwa umeinamisha kichwa usawa wake. Ikipanda na kushuka, itakupasulia jiwe. Tatu, tafuta kilichopungua, maana hakuna anayeuza kitu kuukuu kikiwa kamili. Hii ilipungukiwa vitu viwili. Lile bakuli la bati linalozunguka sahani na kukinga tope halipo. Sonara alilichukua kunyweshea kuku, Mungu amsamehe. Na mkanda ulikuwa umeoza, ukakatika siku ya kwanza nilipojaribu."

"Mkanda unatoka wapi kwenda wapi?"

"Toka gurudumu hili kubwa kwenda kigurudumu kile kidogo chini ya sahani. Bila mkanda utazungusha mpini mpaka Krismasi na sahani isitikisike. Ndiyo nikaenda Kasesya na kile kipande kilichokatika, nikakipime na mikanda ya madereva. Mbona niliwaambia kituoni! Kifurushi hicho mlichonipokonya!"

Isakwisa alimwangalia konstebo. Konstebo alitoa kifurushi katika mkoba wa vielelezo, akakifungua kwa aibu kidogo. Ndani mlikuwa na mkanda wa mpira, mweusi, mpya.

"Na shati?" aliuliza Isakwisa.

"Shati nilibadilishana na asali. Asali ya mama mkwe, lakini hiyo sikupenda aijue."

Evaristi alicheka peke yake. "Debe tupu haliachi kuvuma. Mkanda unaweza kuwa wa kufichia mengine, afande."

"Unaweza," alikubali Isakwisa. Alichuchumaa, akatia kidole chini ya sahani, kwenye mfuo wa kile kigurudumu kidogo. Kidole kilitoka na kitu. Alikipeleka kwenye mwanga wa mlango: mafuta yaliyoganda, na ndani yake nywele fupi nyekundu, ngumu.

"Marselino, mkanda wenu wa zamani ulikuwa wa nini?"

"Wa mpira vilevile."

"Haukuwa wa ngozi?"

"Ngozi? Ya ng'ombe?" Marselino alishangaa kweli. "Afande, mashine hii inakwenda na maji. Ngozi mbichi ikilowa inalegea kama ugali wa mgonjwa. Nani afanye hivyo?"

Isakwisa aliinuka. Alifuta kidole kwenye karatasi, akaikunja, akampa konstebo. Kisha akaanza kuzitazama kuta.

Alizitazama moja baada ya nyingine bila haraka. Juu ya ile chokaa mpya palikuwa na mstari wa matone ya tope jepesi la kijivujivu, lenye ukijani ndani yake, umezunguka chumba usawa wa sahani. Mtu asiyeujua angesema ni uchafu wa kazi. Lakini mstari ule haukuzunguka chumba chote. Ulikatika mahali pawili, pote kwenye ukuta mmoja.

"Nani alipaka chokaa humu?"

"Wanawake," alijibu Evaristi. "Kina Cornelia."

Cornelia, mke wa Marselino, hakuhitaji kuitwa mara mbili. Alikuwa nje pamoja na kaka yake Felisiani, mchungaji wa ng'ombe wa kijiji wa kulimia, aliyemsindikiza tangu alfajiri. Isakwisa alimfuata hukohuko nje, akamwacha Evaristi ndani na mlango akaurudishia.

"Shikamoo, afande," alisema Cornelia kwa sauti ya mtu aliyekwisha lia na sasa anataka kugombana.

"Marahaba, mama. Chokaa ya ndani umeipaka wewe?"

"Kwa mikono hii. Jumamosi. Mkuu wa Wilaya anakuja Saba Saba, tukaambiwa kila jengo la kijiji liwe jeupe."

"Jumamosi mumeo alikuwa wapi?"

"Si Kasesya? Ameondoka Ijumaa. Ningemkuta humo nisingepaka, angenifundisha kupaka."

"Ulipomaliza, kuta zilikuwaje?"

"Nyeupe kama shuka la altare. Nilipita na mshumaa kutafuta pengo, sikuona pengo wala doa."

"Na nani aliwafungulia mlango?"

"Mwenyekiti. Tena akatuhimiza tumalize mapema, afunge."

Felisiani, aliyekuwa ameegemea ukuta, alisogea hatua moja kutoka kwa dada yake. Isakwisa alikiona hicho pia. Alimuuliza kwa upole, kana kwamba anapitisha muda, "Na wewe, ndugu yangu, Jumapili ulikuwa misani?"

"Hakuwa," alijibu Cornelia kabla yake. "Ana ng'ombe mgonjwa. Kaka yangu hakosi misa hata akiwa na homa, lakini kwa ng'ombe wa kijiji alibaki. Ndivyo alivyo."

"Ng'ombe gani?"

"Yule mwekundu," alisema Felisiani, na sauti yake ilishuka kabla neno halijaisha.

"Basi naomba mwingie wote. Na wewe, mama, niazime shuka jeupe."

"Shuka langu? Ulipake tope?"

"Ndiyo. Ukitaka mumeo alale nyumbani leo."

Cornelia alikimbia. Alirudi na shuka lake la arusi, akalikabidhi.

Isakwisa alilitundika kwenye ukuta ule wenye mapengo, upande mmoja kwa misumari ya kalenda, wa pili konstebo akalishika. Kisha akamwamuru Marselino afunge mkanda mpya. Marselino aliuzungushia, akauvuta kwa kidole gumba kupima, akatia tone la mafuta katika beringi. Akatundika kopo lililotobolewa juu ya sahani ili maji yadondoke. Akapasha lakiri, ile nta ngumu ya kugandishia, kwenye mshumaa, akabandika kipande cha jiwe la mtoni kwenye ncha ya kijiti.

"Jiwe hilo lina thamani gani?" aliuliza Isakwisa.

"Halina. Ndiyo sheria, afande. Mashine kuukuu huijui tabia yake. Siku ya kwanza unaipa jiwe la kutupa, la pili la kutupa, la tatu la kutupa. Kito unakiweka mbali kama mtoto mchanga."

"Fanya kazi peke yako, kama kawaida."

Marselino alikaa pembeni. Mkono wa kushoto kwenye mpini, wa kulia kwenye kijiti. Sahani iliamka, ikaimba. Tope jembamba likaruka pande zote. Lilimpata Isakwisa tumboni, likampata konstebo kidevuni, likatua juu ya shuka la arusi la Cornelia, naye akafumba macho. Baada ya muda mfupi Isakwisa aliinua mkono.

"Basi. Tazameni shuka. Mstari umekatika mara ngapi?"

"Mara moja," alisema konstebo.

"Mahali gani?"

"Nyuma ya Marselino. Mwili wake umekinga."

"Sasa inueni shuka, mtazame chokaa."

Wote waligeukia ukuta. Marselino alihesabu mapengo kwa kidole bila kumfundisha mtu, jambo lililomshtua mke wake.

"Mahali pawili," alisema Isakwisa. "Watu wawili. Mmoja alikaa hapa, mbele ya sahani, ameshika jiwe. Ni mpana, pengo lake ni pana. Mwingine alisimama kule kwenye mpini, akizungusha kwa mikono miwili, maana mashine ilikuwa nzito kuliko kawaida. Ilikuwa nzito kwa sababu ilivutwa na kamba ya ngozi, ya nira ya ng'ombe. Na tope limekaa juu ya chokaa ya Jumamosi, wakati Marselino amekwisha vuka Matai akielekea mpakani. Jumatatu alfajiri mlango umevunjwa mbele ya wanakijiji. Imebaki Jumapili, kijiji kizima kikiwa misani."

"Lakini jiwe limekwenda," alisema Evaristi. "Wawili au kumi, jiwe limekwenda!"

"Halijaenda mbali."

Isakwisa alivuka chumba, akasimama mbele ya ukuta uliotazamana na dirisha. Kwenye chokaa palikuwa na kidonda kidogo, tofali limemeguka. Alitoa kisu cha mfukoni, akachokonoa taratibu. Kitu kikaangukia kiganjani mwake. Akachokonoa tena. Aliinama, akapapasa ufa wa sakafu chini yake, akarudi na vipande vingine, vyembamba kama kucha. Alivipeleka mlangoni. Jua la asubuhi lilipovipata, kila mtu aliona rangi ya kijani.

Cornelia aliweka mikono kichwani. "Jamani! Mashine yetu ya kusaga!"

"Marselino, nieleze. Ngozi ikilegea kwa maji, mtu mwenye haraka atafanyaje?"

Marselino alikuwa akivitazama vile vipande na machozi yalimlengalenga. Alijibu polepole, bila madoido.

"Atafunga maji. Ataona mkanda unakaza, sahani inakwenda vizuri. Atafurahi. Lakini bila maji jiwe linapata moto. Lakiri inayolishika nayo inayeyuka. Jiwe linachomoka, sahani inalirusha kama kombeo."

"Na vidole vilivyokuwa vimelikandamiza?"

"Vinatua kwenye sahani, afande. Mimi sonara alinionyesha kovu lake."

Isakwisa aliokota kijiti kile chenye jiwe la mtoni, akakinyoosha kuelekea mlangoni.

"Ndugu Mwenyekiti, tafadhali. Kaa mahali hapa, mbele ya pengo pana. Jaribu mashine ya kikundi chako."

Evaristi alinyoosha mkono wa kushoto.

"Wa kulia," alisema Isakwisa. "Tumekutana asubuhi, hukunipa mkono. Ulisema una dawa ya ng'ombe. Nimeletewa uji, ukaunywa nami kwa mkono wa kushoto. Mzee wa heshima kama wewe hawezi kumkosea mgeni adabu mara mbili bila sababu. Toa mkono mfukoni."

Mkono ulitoka. Vidole viwili vilikuwa vimefungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa na damu kavu yenye vumbi la kijivu. Alipokifungua, ncha za vidole zilikuwa zimesuguliwa bapa, kucha na nyama pamoja.

"Mlango ulinibana," alisema Evaristi.

"Mlango wa ufunguo mmoja, uliouandikisha kituoni? Ule uliowafungulia wanawake Jumamosi bila Marselino?"

Evaristi alirudisha mkono mfukoni. Aliyezungumza alikuwa Felisiani. Alikuwa ameteleza na mgongo ukutani mpaka akakaa chini, katika kona, kofia mkononi.

"Ilikuwa kwa ajili ya Mkuu wa Wilaya," alisema. "Mwenyekiti alisema tumwonyeshe kito kinachong'aa, si jiwe ndani ya kopo. Alisema Marselino atachelewa huko Kasesya, tena akirudi sifa zote atachukua yeye, mnavyomjua. Akaniambia leta kamba ya nira. Nikaleta. Nikazungusha mpini. Lilipopasuka tukatafuta vipande kwa magoti, hivi hatukuviona. Mimi nilisema twende kwa padre, tuseme. Yeye akasema tungoje kwanza."

"Mngoje nini?" aliuliza Isakwisa.

"Alisema watamhoji Marselino siku mbili, watakosa ushahidi, watamwachia. Halafu watu watasahau."

"Ningesema!" Evaristi alipaza sauti kwa mara ya kwanza, na sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Saba Saba ikipita ningesema. Ningesimamaje mbele ya wanawake hawa, niwaambie nimewavunjia mashine ya kusaga kwa mikono yangu? Mtu mmoja kulala mahabusu siku mbili, nikaona si neno."

"Kizimbani ni keshokutwa," alisema Isakwisa. "Nilikuwa na mashahidi wawili wa kilabuni, kifurushi, shati, na maandishi yako uliyoyatia dole gumba la kushoto, sasa najua kwa nini. Angekula miaka, Ndugu Mwenyekiti. Na ungepiga makofi kwenye Saba Saba kwa mkono mmoja."

Alimkabidhi konstebo vile vipande vya kijani, akataka vihesabiwe kielelezo pamoja na nywele za ng'ombe na shuka. Cornelia hakudai shuka lake. Hakuwa amemtazama mumewe wala mwenyekiti tangu Felisiani alipoanza kusema. Alikuwa akimtazama kaka yake.

"Jana usiku ulikuja kunipa pole," alisema.

Felisiani alizungusha kofia mikononi.

"Ulikaa motoni kwangu, ukaninyamazisha, ukasema Mungu hamtupi mja wake. Nikakupikia. Ukala ugali wa Marselino, Felisiani. Na samaki wake wa Rukwa, niliyekuwa nimemwekea yeye."

"Dada..."

"Ulisema hata chumvi imekolea."

Felisiani aliinuka kwa shida, akaenda kusimama kando ya Evaristi, akanyoosha mikono yote miwili kwa konstebo. Alionekana kama mtu anayeomba apelekwe upesi, kokote, mradi si hapa. Isakwisa alitafakari kidogo. Wa kutoa taarifa ya uongo polisi alikuwa mmoja. Huyu wa pili angehitajika kama shahidi, na shahidi hatoroki mradi ana ng'ombe wa kuchunga.

"Marselino," alisema, "wewe ndiye uliyelala mahabusu. Una la kusema juu ya shemeji yako?"

Marselino alijipangusa macho, akamtazama mkewe. Cornelia alikuwa amekwisha kuusogelea mlango, na sasa aliufunga kwa kisigino, akaanza kukunja mikono ya gauni lake, mmoja, halafu wa pili.

"Mwenyekiti mchukue, afande," alisema Marselino, akiparamia dirisha atoke kabla kipigo hakijaanza. "Kuhusu shemeji, kama kuna nafasi kidogo kwenye Landrova, kwa huruma ya Mungu, mchukue naye."